Jinsi ya kulinda nyumba na mali dhidi ya unyevu, jua na mchwa nchini Uganda: mwongozo kamili

Mabati yaliyoezekwa Kampala, nguzo ya mkaratusi iliyosimikwa Lira na cheti cha shule kilichofungiwa kabatini Jinja huharibiwa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni unyevu usiopata nafasi ya kukauka. Ukuta unaolowa saa tisa alasiri na kukauka kabla ya magharibi ya kesho yake unaweza kudumu miongo mingi. Ukuta uleule ukikaa na maji wiki nzima, rangi yake itabanduka, lipu itaachia, kuvu itaota, na mchwa watapata njia laini ya kupandia. Kwa hiyo mwongozo huu unauliza swali moja katika kila sehemu ya nyumba, kuanzia paa hadi kabati la nyaraka: maji hukaa wapi, na kwa muda gani?

Hatua ya kwanza: ielewe hali ya hewa ya mahali pako

Uganda imepitiwa na ikweta, lakini sehemu kubwa ya nchi iko kwenye nyanda za juu, na Kampala yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Kwa sababu hiyo joto lake kwa kawaida hubaki kati ya nyuzi 17 na 28 za Selsiasi mwaka mzima, kiwango kinachowafaa watu na ambacho kuvu na wadudu pia hukistawia, kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali yanayowasimamisha. Jua nalo huwa karibu na utosi adhuhuri, na miale yake ya urujuanimno huchosha rangi, plastiki na uso wa mbao kwa kasi kubwa.

Kusini na katikati ya nchi mvua huja mara mbili, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, ikisogea wakati mwingine hadi Desemba. Kaskazini, huko Gulu, Lira na Arua, mvua huelekea kuungana katika msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili hadi Oktoba, na Karamoja ni pakavu zaidi, hivyo huko jua, vumbi na mchwa husumbua kuliko kuvu. Kazi yoyote inayohitaji ukavu, kama kupaka rangi, kutibu mbao au kuziba nyufa, ipangwe katika miezi ya kiangazi ya eneo lako. Rangi iliyopakwa kwa haraka mwezi wa Aprili ni fedha iliyopotea.

Ushauri kuhusu kutu unaotoka Mombasa au Dar es Salaam unahitaji kupimwa kabla ya kufuatwa, kwa sababu pwani kuna chumvi ya bahari hewani, nayo hula chuma na zinki kwa namna ambayo haipo Entebbe wala Jinja. Ziwa Viktoria ni la maji baridi. Upepo wake huleta unyevu mwingi bila chumvi. Maeneo yanayozunguka ziwa la chumvi la Katwe ni suala jingine, na huko ushauri wa pwani unafaa.

Viwango vitatu vinastahili kukaririwa. Chuma huanza kupata kutu kwa kasi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 hivi. Ukungu huota kwenye ngozi, nguo na karatasi unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa mfululizo. Na mbao haziozi kwa kuvu ikiwa maji yaliyomo ndani yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Kazi zote zinazofuata zina lengo la kubaki chini ya viwango hivyo, au kuvizidi kwa muda mfupi tu.

Historia ya kilima cha Namirembe, jijini Kampala, inaonyesha nguvu tunazoshindana nazo. Kabla ya kanisa kuu la sasa, lililowekwa wakfu mwaka 1919, jengo moja liliangushwa na upepo mwaka 1894, jingine likabomolewa kwa hofu ya mchwa waliokuwa wakila miti yake, na lililofuata likaungua kwa radi mwaka 1910. Jengo la sasa ni la matofali ya kuchomwa.

Hatua ya pili: ikague nyumba wakati wa mvua

Ukaguzi wa kweli hufanywa mvua ikinyesha. Chukua mwavuli, zunguka nyumba, uangalie maji yanashukia wapi, yanarukia ukuta hadi kimo gani, na yanatuama upande upi. Kesho yake asubuhi zunguka tena na uweke alama kwa chaki mahali ambapo bado pamelowa. Alama hizo ndizo ramani ya matengenezo yako, na zina faida kuliko maoni ya fundi aliyekuja siku ya jua.

Ukiona doa la unyevu ndani ya nyumba, usikimbilie kununua dawa kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandike ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache saa 24. Matone yakijikusanya nyuma ya nailoni, yaani upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta au ardhini. Yakijikusanya upande wa mbele, ni mvuke wa chumbani unaogeuka kuwa maji, na tiba yake ni hewa. Watu wengi hupiga lipu upya ukuta ambao ulihitaji dirisha tu.

Kisha chukua bisibisi na uikandamize kwenye mbao zinazogusa ukuta au ardhi: fremu za milango, ncha za kenchi, miguu ya nguzo. Ikizama bila nguvu, ndani kumeoza au kumeliwa hata kama rangi ya juu bado inang'aa. Kwenye nguzo na boriti za zege, gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Sauti ya uwazi ina maana kwamba tabaka la juu limeachana na nondo. Andika kila kitu kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu ufa au doa lina maana tofauti kulingana na kama linakua au limesimama.

Hatua ya tatu: paa

Bati ni chuma chembamba kilichofunikwa na zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Zinki hulinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza, na ndiyo maana mkwaruzo mdogo hauleti kutu mara moja. Unene hutajwa kwa geji, na namba kubwa ina maana ya bati jembamba zaidi: geji 32 ni nyepesi kuliko geji 30, na geji 30 ni nyepesi kuliko 28. Kwa nyumba ya kuishi, ninashauri fedha ielekezwe kwenye geji 28 kabla ya kuelekezwa kwenye rangi au muundo wa kupendeza.

Uharibifu mwingi wa mabati huanza kabla hayajapanda juu. Mabati yaliyopangwa yakiwa yamebanana, mvua ikapenya katikati yake, hutoa unga mweupe ndani ya siku chache, kwa sababu zinki iliyolowa bila kupata hewa huharibika badala ya kujijengea ngozi yake ya kinga. Yahifadhi ndani, juu ya magogo, yakiwa yameinama kidogo ili maji yatiririke, na uyatenganishe ikiwa yamelowa. Wakati wa kukata, tumia mkasi wa bati. Mashine ya kusaga hurusha cheche za moto zinazounguza zinki, na kila cheche huwa doa la kutu baadaye. Baada ya kazi, fagia vipande vya misumari na chembe za chuma juu ya paa siku hiyohiyo.

Misumari ya bati la migongo ipigwe juu ya mgongo, mahali ambapo maji hayapiti, ikiwa na kofia yake ya mpira. Mabati yapishane kwa urefu si chini ya sentimita 15, na zaidi ikiwa paa lina mwinamo mdogo. Waya wa shaba wa kinga ya radi usilale juu ya bati, na maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yasipitie juu yake, kwa kuwa shaba ikikutana na zinki kwenye maji, zinki huliwa haraka. Mbao zilizotoka kutiwa dawa nazo zikauke kabisa kabla ya kugusana na bati.

Kuna maji mengine yanayoliharibu paa kutoka chini. Usiku wa anga safi, bati hupoteza joto na kuwa la baridi kuliko hewa iliyo chini yake; hewa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 21 hivi. Umande huo hudondokea dari na kenchi, na mwenye nyumba hudhani bati limetoboka. Tiba ni kuacha matundu yenye wavu chini ya upenu na karibu na kilele cha paa, ili hewa ipite juu ya dari. Wavu huo ni wa lazima: popo wakikaa darini, kinyesi chao hushika unyevu, hula bati kwa chini na kuozesha ubao wa dari.

Kutu ikishatokea bila kutoboa, isugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, osha vumbi, acha pakauke kabisa, paka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha mikono miwili ya rangi ya mabati. Palipotoboka, badilisha bati. Kiraka cha lami huzuia mvua miezi michache, kisha kingo zake huinuka na kushikilia maji juu ya chuma, na tundu huwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na vigae vya asbesto. Hivyo visisuguliwe, visikatwe wala kuvunjwa na mtu asiye na mafunzo, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa huleta maradhi ya mapafu yasiyo na tiba.

Kwa paa la nyasi, mwinamo uwe wa nyuzi 45 au zaidi ili maji yashuke kabla ya kupenya. Nyasi huharibika kwa tabaka, kuanzia juu, na desturi ya kale ilikuwa kuongeza na kubadilisha bila kusubiri paa lote lioze. Katika makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na elimu hiyo imerithishwa ndani ya ukoo. Moto wa Machi 2010 uliteketeza jengo kuu, lakini ufundi ulibaki kwa watu, na ukatumika katika ujenzi mpya.

Hatua ya nne: maji yanayotoka kwenye paa

Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100 za maji. Mvua ya milimita 30, ambayo si ya ajabu Kampala, humwaga lita 3,000 kando ya msingi wako kwa muda wa saa moja au mbili. Kwa hiyo, kama bajeti inaruhusu jambo moja tu mwaka huu, ningechagua gata zenye mwinamo mzuri, bomba la kushushia na tangi au mfereji unaopeleka maji mbali, kabla ya rangi, kabla ya vigae, kabla ya dari mpya. Pasipo na gata, upenu utoke nje angalau sentimita 60, na chini yake kuwekwe kokoto badala ya udongo mtupu, ili matone yasirushe tope ukutani.

Ardhi inayozunguka nyumba iteremke kuelekea nje. Juu ya msingi kuwe na tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi DPC, likiwa sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi ya nje. Tabaka hilo mara nyingi hufanywa vizuri na fundi, kisha huharibiwa na mwenye nyumba anayerundika udongo wa bustani hadi juu yake, na maji yakapata njia mpya ya kupanda.

Tofali la kuchomwa lina ubora tofauti ndani ya tanuru moja: yale ya pembeni hupata moto kidogo, hubaki laini, na hunyonya maji. Gonga mawili pamoja. Yaliyoiva hutoa mlio mkali. Unaweza pia kupima tofali kavu, kulizamisha majini saa 24 na kulipima tena. Likiongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 20, lisitumike chini ya madirisha wala kwenye msingi. Ukuta wa tofali mbichi au wa udongo usipigwe lipu nzito ya saruji, kwa sababu saruji haiachii mvuke utoke, unyevu hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu yote huanguka ikiwa na kipande cha ukuta. Lipu ya udongo na chokaa hupumua na hurekebishika kwa urahisi.

Unga mweupe unaojitokeza kwenye matofali ni chumvi iliyoletwa juu na maji na kuachwa yanapokauka. Ufagie kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi hurudi ndani ya ukuta. Kisha tafuta maji yaliyouleta.

Hatua ya tano: mbao na mchwa

Uimara wa mbao hutegemea kwanza aina ya mti na sehemu ya mti. Kiini cha mvule hustahimili mchwa na kuvu, lakini mbao nyeupe ya pembeni mwa mvule huohuo haistahimili. Mvule umepungua sana kwa kukatwa, kwa hiyo ujenzi wa kawaida hutegemea mkaratusi, msonobari na musizi, ambazo zote zinahitaji dawa zikiwa karibu na ardhi. Uliza ubao umetoka mti gani, na uangalie ncha yake: ukiona sehemu nyeupe nyingi, jua kwamba umenunua chakula cha bungua.

Mbao zinauzwa zikiwa mbichi mara nyingi mno. Zikipigiliwa hivyo, hujipinda na kupasuka, na misumari hulegea. Zipange kivulini juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene sawa vilivyopangwa wima mmoja juu ya mwingine, hewa ipite pande zote, na juu ufunike kwa mabati. Ili kujua zimekauka, kata kipande kidogo katikati ya ubao, usikate ncha. Kipime, kikaushe kwenye jiko la kuokea kwa joto la nyuzi 100 hivi hadi uzito wake usishuke tena, kisha kipime upya. Kipande kilichokuwa na gramu 120 na kubaki na gramu 100 kilikuwa na maji asilimia 20, yaani kiko kwenye mpaka wenyewe wa kuoza. Kwa samani za ndani, ngoja hadi asilimia 12 au 14.

Dawa inayoingizwa kwa mgandamizo kiwandani hufika ndani ya mbao. Ile ya brashi hubaki juu na inafaa kwa mbao za ndani ya paa tu. Nguzo za kijani zina shaba, kromiamu na aseniki. Ukizikata, ncha iliyokatwa ipakwe dawa tena na isielekezwe ardhini. Vipande vilivyobaki visichomwe kama kuni na visitumike kutengenezea vihori vya kulishia mifugo, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye moshi na majivu. Mafuta machafu ya injini, ambayo watu wengi hupaka kwenye nguzo, hayaingii ndani vya kutosha, huchafua udongo na maji ya kisima, na huongeza hatari ya moto. Siyapendekezi.

Nguzo huoza zaidi pale inapotoka ardhini, kuanzia usawa wa udongo hadi sentimita 30 chini, kwa kuwa hapo hewa na unyevu hukutana. Juu kuna ukavu, na chini sana hewa ni haba. Suluhisho bora ni kutoizika nguzo kabisa: isimamishe juu ya kiatu cha zege au cha chuma kilichoinuka kutoka ardhini, ili mguu wake ukauke na uonekane.

Mchwa wa vichuguu hutoka ardhini na hawawezi kuishi muda mrefu katika hewa kavu, ndiyo maana hujenga njia za udongo juu ya ukuta. Njia hizo ndizo dalili kuu. Acha ukanda wazi wa ukuta au msingi, angalau sentimita 15, ambao haujafunikwa na maua, kuni wala magunia, ili njia mpya zionekane. Ukiiona, vunja kipande katikati na urudi baada ya siku mbili tatu. Ikiwa imejengwa upya, kundi liko hai. Kubomoa kichuguu kwa juu hakuwaondoi, kwa sababu malkia yuko chini katika chumba chake na kundi hujenga tena. Dawa ya kutia udongoni ifanywe na mtu aliyefunzwa, mbali na visima, na wakati mzuri ni kabla ya kumwaga sakafu. Majivu hufukuza kwa muda, kisha mvua huyaondoa.

Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni chakula kinachopendwa katika nyumba nyingi, na ni taarifa pia. Wakitoka ardhini uwanjani, hilo ni jambo la kawaida. Ukikuta mbawa nyingi zimedondoka chini ya dirisha upande wa ndani wakati madirisha yalikuwa yamefungwa, kundi huenda liko ndani ya nyumba. Kuna pia mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji ardhi wala njia za udongo: huacha chembe ndogo ngumu chini ya samani, ilhali bungua huacha vumbi laini kama unga wa mhogo. Samani iliyoshambuliwa itengwe mara moja kabla wadudu hawajahamia nyingine.

Hatua ya sita: zege na saruji

Nondo hulindwa na alikali nyingi ya zege, yaani hali yake ya kufanana na chokaa, kinyume cha uchachu. Hewa yenye kabonidioksidi huingia polepole na kuiondoa hali hiyo. Ikifika kwenye nondo na unyevu ukawepo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilichokuwepo, na nguvu hiyo hupasua zege kutoka ndani. Kinga ni unene wa zege juu ya nondo, milimita 25 ndani ya nyumba na 40 nje, ukishikiliwa na vipande vidogo vya zege vilivyofungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga. Mawe ya kokoto yaliyowekwa chini ya nondo kwa kubahatisha husogea. Zege limwagiliwe au lifunikwe kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7 zisizopungua. Jua la Januari likilikausha siku ya kwanza, litabaki na vinyweleo maisha yake yote.

Palipopasuka kando ya nondo, usipake lipu juu. Chimbua hadi nyuma ya nondo, isugue hadi chuma kionekane, kisha ujaze kwa mchanganyiko mzito wenye maji kidogo. Kama nondo imepungua sana, mwite mhandisi kabla ya kugusa chochote.

Mfuko wa saruji hunyonya unyevu hata ukiwa haujafunguliwa. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na utumie kilichonunuliwa kwanza kwanza. Ukipita miezi mitatu katika hali yetu ya hewa, nguvu yake itakuwa imepungua. Saruji yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole isitumike kwenye zege la kubeba uzito.

Hatua ya saba: rangi na plastiki

Lipu mpya iachwe wiki nne hivi kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo chokaa yake huigeuza rangi kuwa utelezi unaobanduka. Kwa plastiki, rangi nyeusi ndiyo kinga: masizi yaliyomo kwenye tangi jeusi huzuia miale ya jua isipenye, wakati mabomba meupe yaliyoachwa nje hugeuka manjano na kuvunjika. Yazike au uyapake rangi. Maturubai ya nailoni yahesabiwe kuwa ya muda tu.

Hatua ya nane: hewa ya ndani, nyaraka, nguo na vifaa vya umeme

Asubuhi hewa ya nje huwa imejaa unyevu, na mchana, jua likipanda, huwa kavu zaidi. Madirisha yafunguliwe wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni siku isiyo na mvua, hasa pande mbili zinazotazamana. Kabati lisogezwe sentimita 5 au 10 kutoka ukutani, na lisiwekwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Kipima unyevu kidogo cha mezani kitakuonyesha chumba kipi kina hali mbaya, na mara nyingi si kile ulichokidhania.

Hati ya ardhi, vyeti vya shule na vya kuzaliwa vinastahili uangalifu wa pekee kwa sababu kupata nakala mpya ni kazi ngumu na ya gharama. Kosa la kawaida ni kuvifunga kwenye mfuko wa nailoni vikiwa na unyevu, kisha kuviweka chini ya godoro au juu ya kabati karibu na bati, ambako joto huharakisha uchakavu. Vikaushe kwanza kivulini, viweke ndani ya bahasha ya karatasi safi, kisha kwenye sanduku lenye mfuniko, sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu, katika chumba cha katikati ya nyumba. Ondoa pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa kutu yake hutoboa karatasi. Usivibandike ndani ya plastiki kwa mashine ya moto: hakuna njia salama ya kuiondoa tena, na plastiki hufungia ndani unyevu uliokuwepo. Piga picha za kila ukurasa na uhifadhi nakala sehemu mbili tofauti. Fungua sanduku kila baada ya miezi mitatu ili mende wasipate utulivu. Wanapenda gundi ya vitabu na giza lisilosumbuliwa.

Karatasi zikilowa, una siku moja au mbili kabla ya ukungu kuota. Zitandaze kivulini penye upepo, uweke karatasi za kunyonya maji katikati ya kurasa na uzibadilishe mara kwa mara. Usizianike juani. Zilizoota ukungu zipigwe brashi laini nje ya nyumba zikishakauka, nawe uwe umevaa barakoa.

Nguo zihifadhiwe zikiwa zimefuliwa, kwa sababu jasho na mafuta ndiyo yanayolisha ukungu na wadudu. Vidonge vya naftalini visitumike kwenye nguo wala mashuka ya watoto wachanga: kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria, mvuke wake unaweza kuvunja chembe za damu. Viatu vyenye soli ya poliurethani vilivyofichwa kabatini kwa ajili ya sherehe humomonyoka vyenyewe kwa unyevu, ilhali vinavyovaliwa mara kwa mara hudumu zaidi.

Redio, kompyuta na kamera hukaa vizuri vikitumika, kwa kuwa joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Karibu na ziwa, taa za nje hukusanya wadudu wa ziwani ambao miili yao hushika maji kwenye viunganishi, hivyo zifunguliwe na kusafishwa kila zinapojaa. Lenzi za kamera huota kuvu inayokula kioo. Zihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira pamoja na punje za silika. Punje hizo zikishiba, zikaushe kwa joto la nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, nazo zitafanya kazi tena. Mchele hunyonya kidogo mno na huacha vumbi. Kifaa kitakachokaa zaidi ya mwezi mmoja bila kutumika kitolewe betri zote, kwa sababu betri zinazovuja hula viunganishi vya shaba na kifaa hakitawaka tena hata ukinunua betri mpya.